Makochi ya Mama Skola

Mama Skola tulimzika siku ya Jumatano, kwenye baridi ile ya Ufipa ya mwezi wa saba ambayo hata jua la saa saba mchana haliiwezi. Upepo ulikuwa unachota vumbi la kaburi na kuturudishia usoni, utadhani marehemu mwenyewe anatufukuza twende tukale. Angeweza kabisa kufanya hivyo. Tuliporudi nyumbani kwake wanaume wakabaki nje wakiota moto, sisi wanawake tukajazana sebuleni kwenye mikeka, nami nikawa natafuta mahali pa kushushia magoti yangu haya ya uzeeni. Skola, binti yake wa kwanza, ambaye sasa na yeye ana wajukuu, akanishika mkono. "Dada Kasi, wewe usikae chini. Mama angenigombeza." Akanikalisha kwenye kochi la mbao, lile lenye vitambaa vya kufuma mgongoni. Nilipoketi, vidole vyangu vikaenda vyenyewe chini ya mkono wa kochi, vikakuta pale mbao ilipopasuka na kuungwa kwa kipande cha bati na misumari midogo. Kilio ambacho kaburini kilinigomea kikanitoka chote hapo hapo. Wanawake wakasema, mwacheni, anamlilia mama yake mkubwa. Nilikuwa namlilia, ndiyo. Lakini nilikuwa nalia pia kwa ajili ya mwaka mmoja wa ujana wangu, na kwa ajili ya kochi lile ambalo nusura liniharibie maisha.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili chuo kikuu, nikisomea kilimo. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwaandaa wanafunzi kwa ajili ya shahada ya pili, na sisi tuliuita Maandalizi, basi, kila mtu akajua unazungumzia nini. Ukiingia Maandalizi unapewa mwalimu wa kukusimamia, unafundishwa kufanya utafiti na kuuandika, unalipiwa vitabu na chakula mpaka wakati wa likizo, na ukimaliza shahada ya kwanza unaunganisha na ya pili bila kwenda kupiga magoti kwenye ofisi ya mtu. Sio kila mwanafunzi aliruhusiwa kuomba. Alama zako ziwe nzuri, uwe wa kwanza katika nyumba yenu kukanyaga chuo kikuu, na nyumba yenyewe iwe ya watu wenye kipato kidogo, jambo ambalo mhakiki wa serikali alikwenda kulithibitisha kwa macho yake huko huko kwenu. Alama nilikuwa nazo. Kuwa wa kwanza, nilikuwa wa kwanza, tena kwa mbali. Na kipato chetu kilikuwa kidogo kiasi kwamba sikuwahi kufikiri kuwa kuna mtu angehitaji ushahidi. Nilikuwa nautaka mpango ule kwa tamaa ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya kidogo. Bila Maandalizi ningepangiwa kazi ya kufundisha mahali fulani, kazi nzuri, simdharau mtu, lakini mimi nilitaka udongo. Nilitaka kujua ni nini hasa kinachotokea ndani ya yale matuta ya mviringo ya kwetu, ambayo wanawake wanafukia majani ndani yake, wanayaacha yaoze, halafu wanayabomoa na kupanda ulezi, na ulezi unakubali. Nilikuwa nimemuuliza mwalimu mmoja chuoni akaniambia nikasome zaidi ndipo nimwambie yeye. Jibu hilo lilinikosesha raha mwaka mzima.

Likizo ile ndefu niliikaa Sumbawanga mjini, nikifanya mafunzo ya vitendo kwenye ofisi ya kilimo. Chumba nilipanga pamoja na Zuhura, msichana wa Kipili kule ziwani, binti wa mchuuzi wa samaki, ambaye naye alikuwa ameomba Maandalizi. Kilikuwa chumba cha uani, dirisha lake limezibwa na kipande cha mbao, na ukuta wake haukufika kwenye dari, kwa hiyo mambo yote ya mwenye nyumba tuliyasikia, hata sala zake. Tulilala kitanda kimoja kwa sababu ya baridi zaidi kuliko kwa sababu ya uhaba. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi, jioni tulikula ugali na migebuka mikavu ambayo baba yake Zuhura alimpelekea kwa mkono wa makuli wa malori, na harufu yake ilishika kwenye mashuka, kwenye vitabu, mpaka kwenye nywele zangu. Mwenye nyumba alikuwa akisema kupitia juu ya ukuta, "Mabinti, ziwa limehamia kwangu lini?" Zuhura anamjibu, "Shikamoo mzee, karibu chakula," na mzee anakuja kweli, na sahani yake. Sijawahi tena kuwa na njaa tamu kama ile. Sasa hivi nina friji mbili Dar es Salaam na hakuna kilichomo ndani yake kinachonitoa mate.

Siku ya usaili tulikaa barazani kwenye ofisi ya mkoa pamoja na waombaji wengine, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekiona: watu wanashindana kuwa maskini. Kijana mmoja aliyevaa viatu vinavyong'aa alisema kwao wanakula mara moja kwa siku. Mwenzake akasema, bora ninyi, sisi hata hiyo moja ni ya kubahatisha. "Mshikaji, sisi nyumba haina mlango," akadakia wa tatu, na wote wakacheka. Kwetu hakuna aliyekuwa anasema hivyo. Mama yangu, chumvi ikiisha, alitangaza, "Leo tunakula bila chumvi," kwa sauti ya mtu aliyeamua mwenyewe. Niliyatazama maneno ya wale vijana yakiruka ruka barazani nikajiapiza kwamba mimi nikiulizwa nitasema nina mama mjane na shamba la ulezi, na sitaongeza neno. Ndivyo nilivyofanya. Mhakiki alikuwa Bwana Nestori, mtu mrefu mkavu mwenye sauti ya chini, ametoka wizarani, na alinisikiliza bila kutikisa kichwa upande wowote. Mwisho akasema atapita kijijini kwetu wiki inayofuata siku ya Alhamisi, na mimi nitapanda gari lao nimwonyeshe njia. "Mjulishe mama, asihangaike. Nakuja kuangalia hali ya nyumbani tu."

Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Nilimkuta katekista wa kigango chetu sokoni, amekuja mjini kwa shughuli za parokia, nikampa ujumbe wa mdomo. Mwambie mama kuna mgeni wa serikali anakuja Alhamisi kuangalia hali ya nyumbani. Akiridhika, mimi napokelewa niendelee na masomo ya juu. Katekista akarudia ujumbe neno kwa neno, mtu mwaminifu sana yule, na akaufikisha neno kwa neno. Sasa hebu jiweke mahali pa mama yangu. Watu wanakuja kuangalia nyumbani kwenu kwa sababu ya binti yako, na wakiridhika binti anapokelewa. Katika vijiji vyetu ugeni wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu, ugeni wa washenga. Na siku ya washenga nyumba huvikwa. Jirani mwenye viti analeta viti, mwenye sahani analeta sahani, mwenye ng'ombe anawaleta wasimame uani. Hakuna aliyeuita uongo. Washenga wenyewe walijua, kwa sababu hata kwao waliazima. Walichokuja kukitazama si viti, ni watu: binti huyu nyuma yake wamesimama wangapi, wangapi wako tayari kubaki bila kiti siku nzima ili yeye asidharauliwe. Nyumba ya mtu asiyependwa siku hiyo ilibaki tupu, na habari ilikuwa imeisha. Mimi haya yote niliyajua tangu utoto. Sikuyakumbuka hata kidogo, na Alhamisi ile nilipanda Land Rover ya serikali nikiwa na amani, nikimwonyesha Bwana Nestori njia ya kuelekea Chala na vilima visivyo na miti, na kumweleza habari za matuta.

Sebule yetu naifahamu hata nikifumba macho. Ilikuwa na mkeka mmoja mkubwa na mwingine mdogo, magunia ya ulezi pembeni yaliyokuwa yanapungua kadiri mwaka ulivyokwenda, msalaba ukutani, na kigoda cha miguu mitatu ambacho kilikuwa kiti cha mama. Tulipofika siku hiyo nilifikiri dereva amesimama kwa mtu mwingine. Ng'ombe walikuwa wamefungwa kwenye mparachichi, wamenona, mmoja akilia kuelekea kwao bila kupumzika. Mlangoni alisimama mama yangu, amevaa vitenge ambavyo havikuwa vyake na viatu vikubwa kuliko miguu yake, akitembea kwa kuburura ili visimtoke. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba mwanangu. Karibuni, karibuni sana. Baba, pita ndani." Ndani kulikuwa na makochi mawili ya mbao yenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Nikayatambua mara moja, kwani ni nani kijijini ambaye hakuyatambua? Yalikuwa makochi ya Mama Skola, jirani yetu na rafiki wa mama tangu wakiwa wasichana, makochi pekee katika kitongoji kizima, na watoto wake mwenyewe walikuwa wanachapwa wakiyakalia. Ukutani kulikuwa na saa ya mwalimu mkuu, mezani redio yake ya kaseti isiyo na betri, na meza yenyewe ilikuwa ya kigango. Kigoda hakikuwepo. Bwana Nestori akakaribishwa kwenye kochi, akaketi, akatoa kalamu.

Chakula kilikuwa kile cha sikukuu. Kulikuwa na wali wa mchele uliotoka bondeni, upande wa Milepa, ukinukia mpaka nje. Kulikuwa na jogoo, na maharage, na ugali wa ulezi kwa ajili ya heshima, yote kwenye sahani za kigango zilizochorwa msalaba mdogo wa rangi ya bluu upande wa chini ili zisipotee. Bwana Nestori alikula kwa adabu, akaongezwa, akala tena, na katikati ya kula alikuwa akiuliza maswali yake kwa upole. "Mama, haya yote ni ya hapa nyumbani?" Mama akajibu, "Karibu sana baba, tunamshukuru Mungu." "Na mifugo je?" "Mungu anatulinda." "Mavuno mwaka huu?" "Hatulalamiki." Hakusema uongo hata mmoja, mama yangu. Alikuwa anajibu kama anavyojibiwa mshenga. Na kila alipojibu, kalamu iliandika, na mimi nikaona shahada yangu, udongo wangu, na yule mwalimu anayesubiri nimwambie yeye, wanaondoka mmoja mmoja kupitia mlango uliokuwa wazi.

Alipomaliza kunawa aliniita nje, tukasimama karibu na wale ng'ombe. "Binti," akasema, "katika mkoa huu sijakutana na alama zinazozipita zako. Lakini mpango ni wa wasio na uwezo. Mimi naandika ninachokiona na ninachoambiwa na mwenye nyumba." Nikamwambia ni vya kuazima, vyote, hata viatu. Nilisema kwa kiherehere, sauti imepanda. Hakushtuka. "Kila mwombaji ananiambia hivyo, Kasiana. Jana nimeonyeshwa trekta, nikaambiwa ni la jirani, na jirani akakana. Mwenye nyumba ni mama yako, na mama yako hajaniambia." Akaenda kukaa tena ndani kumalizia kazi yake. Mimi ni mtu mwepesi wa hasira, wanafunzi wangu wote watakueleza, na nadhani hasira yenyewe niliipata siku ile, uani kwetu, nikimtazama ng'ombe wa watu analia. Nikaelekea jikoni nikiwa na maneno kinywani ambayo mtoto hamwambii mama yake.

Jiko letu lilikuwa kibanda cha pembeni, na nilipokaribia nikawasikia. "Amemaliza paja?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Skola. "Amemaliza." "Na wali?" "Kaongezwa mara mbili." "Basi mtoto amepita, Mama Kasi. Mtu hawezi kula hivyo halafu akakataa." Wakacheka, kile kicheko cha wanawake wa kwetu, mkono mdomoni, mabega yakitetemeka. Halafu mama akasema, "Ameliangalia sana kochi lako." Mama Skola akajibu, "Aliangalie. Ndiyo kazi yake. Mimi leo asubuhi nililipaka mafuta ya taa ling'ae." Kisha mama, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia, kama ya msichana: "Sijui nitakulipa nini." "Utanilipa akirudi ametosheka elimu." Yale maneno niliyokuwa nimeyabeba yakanifia mdomoni. Nilisimama pale nje, moshi unaniingia machoni, nikatamani nisingezaliwa na akili yoyote, niwe ndani nao nacheka.

Lakini niliingia. Nikachuchumaa karibu na mafiga. "Mama, yule mgeni anatafuta watu wasio na kitu. Masomo yale ni kwa ajili yao. Akituona tunacho, ananiacha." Mama Skola akaweka mwiko chini. "Serikali gani hiyo inayotafuta wasio na kitu?" Nikasema ni hii hii. "Ikishawapata inawafanya nini?" "Inawasomesha, mama." Akajishika kichwa. "Mungu wangu. Na mimi ndiye niliyewazunguka watu wote walete." Mama yangu alikuwa akitazama moto. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Kwa hiyo unataka nitoke hapa nikamwambie yule baba kwamba mimi sina hata kiti. Mbele ya watu walionipa viti." Ndicho hasa nilichokuwa nakitaka, na nilipokisikia kimesemwa na yeye nilikiona kilivyo. Niliona aibu, na bado nilikitaka. Mama akainama, akavua vile viatu, akavipanga vizuri kizingitini, kimoja karibu na kingine. Akatoka peku.

Shughuli yoyote kwetu ikiisha, mwenyeji huwashukuru waliomwazima, mmoja mmoja kwa jina, na kila mmoja anachukua kilicho chake anakwenda nacho. Hufanyika mgeni akishaondoka, tena akiwa amevuka kilima. Mama alikwenda akasimama katikati ya sebule, Bwana Nestori akiwa bado ameketi, majirani wamejaa mlangoni na madirishani kama ilivyo kawaida, akaanza. "Mzee Pius, ahsante kwa ng'ombe. Wametulia, hawakuharibu cha mtu." Mzee Pius akashangaa. "Mama Kasi, mgeni bado yupo." "Namwona, baba. Wachukue tu." Watu wakatazamana. Mzee akatoka, tukasikia anafungua kamba, na yule ng'ombe mlalamikaji akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Mwalimu, ahsante kwa saa, ahsante kwa redio." Mwalimu mkuu akapita mbele ya mgeni ameinamisha kichwa, akashusha saa yake, ukabaki msumari. "Katekista, sahani zimeoshwa zote, na meza hiyo hapo." Kila aliyetajwa aliitika kwa sauti ndogo kuliko aliyemtangulia, na chumba kikawa kinapanuka. Bwana Nestori alikuwa ameweka kalamu mfukoni. Nilitaka mtu aseme kitu, mtu yeyote, hata yule kijana mwenye viatu vinavyong'aa.

Alibaki Mama Skola. Alikuwa mlangoni, amejifunga kanga kiunoni, machozi yanamtiririka. "Mama Skola, dada yangu, ahsante kwa makochi." "Hapana," akasema. "Mgeni amekaa. Siondoi kiti chini ya mgeni, hata kwa dawa." Mama akamwambia, "Atainuka," na Bwana Nestori akainuka, haraka, kama mtoto wa shule. Basi tukayabeba. Mama Skola alishika upande mmoja, mimi upande mwingine, na kwenye mlango wetu mwembamba, kwa kuwa wote wawili tulikuwa hatuoni vizuri kwa machozi, tuliligonga kochi la pili kwenye fremu, mkono wake ukapasuka, paa! Nikasimama. Kochi ambalo Skola alikuwa anachapwa akiligusa. "Usisimame," Mama Skola akaniambia kwa meno yaliyobana. "Beba. Beba twende."

Niliporudi, mama alikuwa ametoka nyuma ya jiko na kigoda chake, ambacho walikificha chini ya kuni. Alikifuta vumbi kwa upindo wa kitenge cha kuazima, akakiweka katikati ya chumba kile kitupu. "Hiki ni changu," akasema. "Kaa, baba." Bwana Nestori akakaa, magoti yake marefu yakimfika kidevuni, akatoa kalamu, na akaanza maswali yote upya tangu mwanzo. Viti? "Hicho." Ng'ombe? "Sina." Redio? "Sina." Chakula cha kufikia mavuno mengine? "Hakifiki." Majirani walikuwa wanasikia kila neno, na mama alijua wanasikia. Sauti yake haikutetemeka. Alipomaliza, mgeni akabaki anaitazama karatasi, kisha akasema, "Mama, nilikuwa najiuliza tangu nimefika. Ng'ombe wale wote, na sikuona zizi." Mama akamtazama. "Na hukusema?" "Mimi ni mgeni," akajibu. Hapo mama akacheka, mkono mdomoni, mabega yakitetemeka, na yule mtu mkavu wa wizarani akacheka naye.

Nilipokelewa Maandalizi. Zuhura pia alipokelewa. Kwao Kipili wahakiki walikalishwa kwenye mkeka, wakala mgebuka, wakaambiwa ukweli, wakaondoka, na aliposimulia hivyo kwa wepesi wake wa watu wa ziwani nilitaka kumpiga kwa mto wa kulalia. Mwaka uliofuata niliutumia kwenye matuta, nikirudi kijijini kila likizo na vifuko vyangu vya udongo, na siku moja nilimwambia yule mwalimu chuoni kile alichotaka nimwambie. Lakini kuna upande mwingine ambao siku hizi ndio unaonijia zaidi. Kwa wiki nyingi baada ya Alhamisi ile mama aliacha kwenda kisimani saa wanazokwenda wenzake. Kusema hana, mbele ya watu waliomfichia kutokuwa nacho, kulimgharimu kitu ambacho hakuna shahada iliyowahi kukirudisha. Na Mama Skola kila jioni alikuja akakaa naye chini kwenye mkeka, hakuleta kiti, hakutaja kiti, walichambua maharage mpaka giza linaingia. Mara moja nilimsikia akimwambia, "Mama Kasi, kisima kimekuwa kikavu bila maneno yako." Kesho yake mama alitwaa ndoo akaenda na wenzake. Mume wa Mama Skola alitaka kulitengeneza lile kochi kwa mbao mpya, mkewe akakataa. Akaagiza bati lipigiliwe tu, lionekane.

Mama yangu alitangulia siku nyingi. Kigoda ninacho, kiko Dar es Salaam chumbani kwangu, na wajukuu wanajua hakikaliwi bila kuomba. Kwa hiyo nilipomzika Mama Skola nilimzika mtu wa mwisho aliyekuwa jikoni siku ile. Tulipoanua matanga, vitu vya watu vikaanza kurudishwa, masufuria, maturubai, viti vya plastiki ambavyo sasa kila nyumba inavyo. Katikati ya pilika hizo akaingia mwanamke wa kitongoji cha juu, simfahamu vizuri, akamvuta Skola pembeni, wakanong'ona. Nikasikia vipande. Mwanawe yuko chuo kikuu. Ameomba ule mpango, ambao siku hizi umebadilishwa jina. Wahakiki wanakuja Jumatatu. Alikuwa anaomba radhi kwa kuuliza jambo hilo msibani, ila nyumba yake haina mahali pa kumweka mgeni wa serikali, na kila mtu anajua makochi yako wapi.

Skola akanitazama. "Dada Kasi, wewe ndiye unayeyajua mambo haya. Tumpe?" Nayajua, ndiyo. Nimekaa kwenye kamati ya mpango huo kwa miaka, nimewafundisha wahakiki wenyewe, nimesema kwenye vikao mpaka koo likanikauka kwamba nyumba ya mwombaji ionekane kama ilivyo. Yule mama alikuwa anasubiri, ameshika ncha za kanga. Nikanyanyuka kutoka kwenye kochi, magoti yakalalamika, nikaondoa kitambaa cha kufuma nikakikunja.

"Mpeni," nikasema. "Mpeni yote mawili, na mimi nitashika upande mmoja. Ila mama, kigoda chako usikifiche mbali."